Umekosea Nyumba, Hapa Anakaa Dotora

Zuhura mwanangu, mwenye jina la mama yangu,

Nakusalimu kwa jina la Mola aliyekuleta kwangu nikiwa nimeshaota mvi. Asubuhi ulipopanda pikipiki kwenda Quionga kuwaaga shangazi zako nilikwambia nabaki nyumbani kwa sababu goti linaniuma. Goti haliniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike. Mwandiko wangu unaujua, herufi zinakwenda upande kama kaa, lakini usinicheke. Elimu yangu ni ile ya jioni ya watu wazima baada ya uhuru, na mwalimu wetu alikuwa akisinzia. Wote nilioanza nao walikimbia tulipofika kwenye kuzidisha. Mimi sikukimbia. Nilibaki peke yangu na mwalimu aliyelala.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutokaa karibu na dirisha safarini, mama yako amezimaliza. Langu ni moja tu, na lazima ulijue kabla ya Jumatatu, siku utakayojaza ile fomu huko chuo kikuu.

Jumatano nilikusikia jikoni. Nilikuwa nyuma ya ua wa makuti, najifanya natafuta koleo. Ulimwambia mama yako: "Mama, ile kursu mpya ya masomo ina pande mbili, ofisi na karakana. Mimi nitajaza ofisi. Karakana siwezi tena. Wale wa ghala la samaki nilishawajaribu, wakanikataa. Mwanamke hawamtaki." Mama yako akasema, "Haya mwanangu, utakavyoona." Ukaendelea kuchambua mchele.

Zuhura, hawakukukataa. Aliyekukataa ni mimi.

Sasa umejua. Lakini usiitupe karatasi, nisikilize nianzie mbali kidogo, kwa sababu jambo lile sikulifanya siku moja. Nililianza kabla hujazaliwa.

Unajua kazi yangu ilikuwa chokaa. Kutoka Quionga mpaka ghuba ya Tungue, nyumba ya mawe ambayo mkono wangu haukuigusa ni nyumba mbaya, na mwenye nyumba anajua. Nilifundishwa na marehemu Mzee Sumaili. Mwaka wa kwanza hakunifundisha kitu. Nilipanga magogo ya tanuri, na nikiyapanga vibaya hasemi, anayaangusha kwa mguu, anakwenda kunywa chai. Nilijua chokaa kwa macho, kwa pua, kwa vidole vilivyochubuka. Siku nilipotazama moshi tu nikasema matumbawe, yale mawe ya bahari tunayochoma kuwa chokaa, yameiva, akayafungua na yakawa yameiva kweli, aliniambia, "Haya, sasa unaweza kuanza kujifunza." Miaka mitatu ilikuwa imepita, ndipo nikaanza!

Basi mtu aliyefundishwa hivyo, angejua mwenyewe kwamba elimu huingilia mikononi. Nilijua. Tena nilijua kuliko wengi. Kilichonipoteza ni baraza.

Ile baraza ya ofisi ya serikali, wakati ule ikiwa bado nyeupe, nimeijenga mimi. Mwaka uliofuata nikaenda pale kuomba karatasi ya kiwanja chetu. Karani alikuwa kijana, ana kalamu mbili mfukoni. Akaniambia, "Mzee, subiri nje." Nilikuwa bado si mzee. Nikasubiri kwenye baraza yangu mwenyewe mpaka kivuli kikaniisha miguuni. Nilipoitwa, akasukuma wino: "Kidole." Nikamwambia, "Bwana, jina langu najua kuliandika." Akasema bila kuinua kichwa, "Hatuna siku nzima ya kukungoja umalize." Watu wakacheka. Nikaweka kidole.

Nilirudi nyumbani nikaapa: mtoto mwingine nitakayempata atakaa upande ule wa meza. Sikuapa kwamba atajua jambo fulani au atafanya jambo fulani. Niliapa atakaa. Ndoto yangu yote juu yako, mwanangu, ilikuwa kiti.

Na nisikufiche, hata mimi mwenyewe nilikataa kujifunza wakati ulipobadilika. Saruji ilipoingia kwa wingi, mafundi niliowafundisha mimi walinifuata. "Fundi, njoo tukuoneshe inavyochanganywa, kazi zipo tele." Nikawajibu saruji ni unga wa wavivu. Kila aliyepita akanicheka, na mimi nikamcheka. Tanuri likakaa baridi mpaka mbuzi wakazalia ndani. Watoto wangu wakubwa, kaka zako, wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nikawaambia watu kwamba saruji itapasuka na dunia itarudi kwangu. Mpaka leo haijarudi.

Hapo ndipo ulipokuwa msichana wa shule na ukaanza kurudi nyumbani unanuka grisi. Ile mashine ya barafu ya ushirika wa wavuvi ilikuwa na fundi wake Anli, Mmwani wa pwani ya Mocímboa, mtu mkimya. Ukipeleka vitumbua kuuza, unasahau vitumbua, unamshikia taa. Siku moja tulipokuwa tunakula ukasema:

"Baba, unajua barafu haitengenezwi kwa kutia baridi? Inatengenezwa kwa kutoa joto."

Nikakujibu, "Ehee. Na mimi siku hizi natengeneza kiza kwa kutoa taa."

Mlicheka wote, na wewe ulicheka. Lakini usiku sikulala, nikiwaza lile neno, kutoa joto. Lilikuwa neno la fundi. Mzee Sumaili angelipenda. Sikukwambia. Katika maneno yote niliyokunyima, hilo ni mojawapo.

Ulipomaliza shikola, ile sekondari, ukaja na fomu ya ufundi wa mashine za baridi. Ulisimama pale mlangoni, umevaa kanga ya mama yako ya kijani. Nilikuwa na wageni wawili wa msikitini. Laiti nisingekuwa na wageni. Mbele za watu mimi huwa mtu mwingine, mkubwa kuliko nyumba yangu.

"Spana?" nikasema. "Binti wa Bakari ashike spana? Watu waseme nini, kwamba sina uwezo wa kumsomesha akawa mtu?"

Ukasema, "Baba, fundi Anli ni mtu."

Wageni wakanitazama. Na mimi nikasema lile neno, unalikumbuka: "Fundi Anli kucha zake nyeusi hata siku ya Idi." Mimi! Mimi niliyekula Idi arobaini na chokaa kwenye kucha!

Ukaenda kusoma utawala wa umma. Hukubisha. Miaka ile yote ya masomo mimi nilikuwa sultani. Ulipopiga picha na joho, nikaitundika sebuleni kuelekea mlango, mtu akiingia asipate pa kuangalia pengine. Wahitimu wote wanaitwa dotora, basi nikawaambia wa msikitini, "Jina langu sasa ni Baba Dotora." Mzee Saidi, mwenye duka la mafuta ya taa, alijisahau siku moja akaniita Fundi Bakari. Sikumwitikia. Aliniita mara tatu nimesimama mbele yake.

Kisha ukarudi na ile bahasha ya vyeti.

Sikuiona taabu yako kwa sababu sikutaka kuiona. Ulikuwa unaamka, unapiga pasi ile blauzi moja, unakwenda ofisi hii, unakwenda geti lile, unarudi miguu imejaa vumbi jekundu. Waliosoma kama wewe walikuwa wengi, kila mmoja na bahasha yake, wamepangana kama watu wa kisimani wakati wa kiangazi. Siku moja ukamwambia mama yako, na mimi nasikia, kama kawaida yangu ya ukuta: "Yule shefe, mkubwa wa ofisi, kaisoma karatasi yangu yote, mama. Kasema vizuri, umesoma. Sasa unajua kufanya nini? Nikamwambia nimesoma utawala. Kasema hilo nimeliona. Unajua kufanya nini?" Ukaiweka bahasha chini. Ukasema, "Sikuwa na jibu, mama. Jibu nililokuwa nalo halikuwemo kwenye karatasi."

Neno lile lilinichoma, nami nikafanya nini? Nikatoka nje nikasema wakubwa wa kazi siku hizi hawana adabu.

Zikaja zile siku za kukimbia wenye silaha. Sisemi habari zake, wote tulikuwapo. Nasema jambo moja. Ulipokuwa unambeba bibi yako mzaa mama mgongoni, ulinipigia kelele, "Baba, chukua mfuko wangu!" Ulikuwa mfuko wa spana ulioachiwa na fundi Anli alipohama. Nilikwambia baadaye sikuuona. Niliuona. Mikono yangu ilikuwa miwili, na kwa ile miwili nilibeba diploma pamoja na fremu yake na kioo chake. Nilikimbia porini na kioo, mwanangu. Tulipokuwa tumejificha kwenye mihogo, jua likawa linamulika juu yake, mama yako akaifunika kwa kanga asituone mtu. Tuliporudi, mfuko ulikuwa umeungua na nyumba ile ya kwanza.

Na tuliporudi, mashine ya barafu ilikuwa imekufa. Wanawake wa samaki wanamwaga samaki mchangani. Wewe bila kuniuliza ukaazima spana kwa fundi wa pikipiki, ukapiga simu kwa fundi Anli huko aliko, simu sikioni na mkono ndani ya mashine, siku nne. Ya tano barafu ikatoka. Sikuja kuona. Nilikuwa nimekaa nyumbani nimenuna, lakini vigelegele vilifika mpaka kwangu, na mama Fatu, muuza samaki, alipita dirishani akiimba jina lako.

Baada ya wiki hiyo alikuja mtu. Hapa ndipo penyewe.

Ulikuwa Quionga kwenye arobaini ya mjomba wako. Alikuja mchana, bwana wa makamo, amevaa buti, amevua kofia mlangoni. Msimamizi wa lile ghala jipya la samaki, lenye vyumba vya baridi. Akanisalimu vizuri, "Shikamoo mzee. Namtafuta binti aliyefufua mashine ya ushirika. Ananijua, tuliongea pwani, akanipa jina la nyumba hii. Nataka aanze kwetu, ajifunze kazini mwaka mmoja, halafu tumpeleke asomee zaidi."

Nilikuwa nimekaa chini ya ile diploma niliyokimbia nayo. Nikamwambia:

"Umekosea nyumba. Hapa anakaa dotora."

Akatabasamu. "Basi vizuri zaidi, mzee. Ni huyo huyo?"

"Hapa hakuna mshika spana. Kwenda zako."

Akaandika namba kwenye kikaratasi, akakiweka kizingitini, akaweka na kijiwe juu kisipeperuke. Alipokunja kona nikakichukua. Nilikisoma. Ndiyo, elimu yangu ile ya jioni ilinitosha kukisoma. Kisha nikakitia jikoni kwenye moto wa mama yako, chini ya sufuria ya maharage.

Ukarudi, ukangoja. Mwezi wa pili ukaenda mwenyewe ghalani, ukakuta amekwisha kuchukuliwa mtu wa Awasse. Mlinzi akakwambia nafasi imejaa, hukuingia hata geti. Ukarudi ukakaa kwenye ngazi ya nyuma, ukalia kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayeona aibu. Nikaja nikasimama nyuma yako. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu. Nikasema: "Nilikwambia mimi. Kazi ile si ya wanawake."

Hapo, Zuhura. Kukichoma kile kikaratasi ilikuwa kiburi, na kiburi changu umekizoea. Lakini kukuacha uamini kwamba dunia ndiyo iliyokukataa, ili mimi nionekane nilisema kweli, hilo sina jina lake. Tangu siku ile sijakusikia ukitaja mashine. Ile ya ushirika ikiharibika walikuja kukuita, ukasema kichwa kinakuuma. Nami nikafurahi. Nilifurahi, mwanangu, nikadhani umekua.

Kilichonifumbua si wema wangu, usinipe sifa. Ni ule mkutano wa shule, walipokuja walimu wa chuo kikuu kuuliza watu wa kazi wanataka nini. Wamekaa mbele na mabwana wa maghala, wa hoteli, wa umeme, wanaandika. Na sisi wazazi nyuma. Yule mwalimu mwanamke mwenye miwani akasema wamebadilisha kursu: nusu ya mwaka darasani, nusu karakana na makazini, na kwamba hata waliokwisha kuhitimu wanaweza kurudi. Ulikuwa umekaa safu ya tatu. Niliona mgongo wako ukinyooka.

Mimi nikasimama. Nani mwingine? "Mama mwalimu," nikasema, "mimi ni Baba Dotora. Mnataka kuniambia karatasi ya mwanangu mliyompa wenyewe haina kazi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mzee wangu, kosa hilo ni letu pia. Tulikaa miaka tunafundisha watu kukaa mezani. Hatukutoka nje kuangalia kama meza zipo."

Unajua sikosi jibu.  Profesa mzima, mbele ya watu wote, amesema kosa ni letu. Nami sijawahi kulisema neno hilo tangu nizaliwe. Nilikaa. Mzee Saidi akaninong'oneza, "Leo umepatikana." Kweli nilipatikana.

Juzi, Alhamisi, nilikwenda ghalani. Yule bwana yupo bado. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Mzee, si wewe uliyenifukuza kwa fimbo?"

"Sikuwa na fimbo."

"Ulikuwa nayo."

Basi labda nilikuwa nayo. Nikamwambia yote. Nilitegemea anitukane, ingenifaa. Alikuna kichwa akasema, "Nilimngoja mwezi mzima. Nilidhani kapata pazuri zaidi." Nikamwuliza nafasi. Akasema sasa hana, asinidanganye, lakini wanafunzi wa ile kursu watakuja kwake kwa mafunzo, na jina lako halijamtoka. Hilo ndilo lote nililopata. Sikuletei kazi mkononi, nakuletea tu ule mwezi mmoja uliokuwa unangojwa bila wewe kujua.

Siku hiyo hiyo nilimwambia mama yako. Tangu juzi ananipakulia chakula bila neno. Wali anauweka mbali kidogo, ninyooshe mkono. Ndiyo maana umeona tumekuwa kimya ukadhani ni huzuni ya safari.

Sasa fomu. Sikwambii ujaze karakana. Nimekujazia ya kutosha. Ukijaza ofisi kwa kuipenda, jaza, na ile elimu yako ya kwanza usiidharau kwa sababu mimi niliitundika ukutani vibaya. Anayejua mashine na anayejua kusoma mkataba si mara nyingi wakawa mtu mmoja. Ninachokuomba ni usijaze kwa sababu ya uongo wangu. Utakaa na vijana wadogo watakaokuita mama, itakuuma. Na hao mabwana wa kazi nao usiwaabudu. Wanachokililia leo kesho watakisahau, walinililia chokaa mimi nikadhani ni ya milele. Siku watakapoleta kitu kipya na wewe umezeeka na sifa zako, kumbuka tanuri lenye mbuzi, uende ukaombe kuoneshwa. Mimi ningekwenda siku ile, pengine nisingehitaji kukufanya wewe kuwa heshima yangu.

Nilikusudia kuitia barua hii chini ya begi lako, uisome ukiwa umekwisha fika. Nimeghairi. Huko ungesoma peke yako, na mimi ningekuwa hapa salama, nakunywa uji. Hapana. Nitakupa mkononi leo leo, ukishaswali magharibi. Utaisoma nimekaa mbele yako, na sitatoka hata nikiitwa msikitini. Ukifika mahali pa kunipigia kelele, piga. Mama yako nimemwomba asikuzuie, na hilo peke yake ndilo alilonijibu. Amesema, "Sikuwa na nia ya kumzuia."

Baba yako,
Bakari